Kupima wanga, sukari, protini na mafuta: kila kipimo kinakamata nini

Ukiugawa mwili wa binadamu kwa uzito, oksijeni inachukua kiasi cha asilimia 65, kaboni 18, haidrojeni 10 na nitrojeni 3. Elementi hizo nne tu zinafika asilimia 96. Sehemu ndogo iliyobaki ni ya kalsiamu, fosforasi, potasiamu, salfa, sodiamu, klorini na magnesiamu, pamoja na chembechembe za chuma, zinki, iodini na wenzake. Kiazi, jani na ini navyo vimejengwa kwa elementi hizo hizo, viwango tu ndivyo vinavyopishana. Wanga na mafuta, kwa mfano, vyote ni kaboni, haidrojeni na oksijeni. Tofauti iko katika namna atomu zilivyoshikana.

Kwa hiyo kitendanishi cha maabara, yaani dawa ya kupimia, hakijui mkate wala yai. Kinachotafuta ni tabia moja ya molekuli: msokoto wenye nafasi katikati, ncha iliyo tayari kutoa elektroni, au bondi za peptidi (viungo vinavyoshikanisha asidi amino ndani ya protini) zilizofuatana. Ukijua kitendanishi kinakamata nini, utajua pia kinaweza kudanganywa na nini. Makosa mengi ya vipimo hivi huanzia hapo, hata pale hatua zote zilipofuatwa neno kwa neno.

Vifaa na matayarisho

Utahitaji neli za majaribio kumi hivi, kishikio chake, bika ya maji ya moto, kipimajoto, pipeti za kutonesha, kinu na mchi, karatasi ya kuchujia, kigae cheupe (chenye vishimo kikipatikana), na mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Vaa miwani ya kukinga macho tangu mwanzo mpaka mwisho, na glavu unapogusa hidroksidi ya sodiamu. Chochote kilichoingia maabara kama sampuli hakiliwi tena, hata kama hakijaguswa na dawa.

Sampuli ngumu isage: gramu 5 kwa mililita 10 za maji, mpaka iwe uji laini. Hapa wengi hukimbilia kuchuja kila kitu ili wapate maji safi ya kupimia. Usifanye hivyo kwa wanga. Punje za wanga haziyeyuki katika maji baridi, kwa hiyo ukichuja zitabaki juu ya karatasi, na majimaji yatakuambia kuwa kiazi hakina wanga. Gawa uji wako mara mbili: nusu usiichuje, hiyo ni ya wanga na protini, nusu ichuje, hiyo ni ya sukari na vitamini C. Kwa mafuta tenga kipande kingine kikavu ambacho hakijaguswa na maji.

Kila kipimo kiende na neli tatu. Ya kwanza ina sampuli. Ya pili ina maji matupu badala ya sampuli, ili uone rangi ya kitendanishi pale ambapo hakuna cha kukamata. Ya tatu ina kitu unachojua jibu lake: wanga, glukosi au ute wa yai. Neli ya tatu ndiyo inayorukwa mara nyingi kwa kisingizio cha kubana matumizi, na ndiyo peke yake itakayokujulisha kuwa dawa yako imeharibika. Neli ya sampuli ikikataa kubadilika rangi na ya tatu nayo ikakataa, tatizo liko kwenye chupa, usihukumu chakula.

Maji kwanza

Karibu asilimia 60 ya uzito wa mtu mzima ni maji, na katika misuli kiwango kinapanda hadi kiasi cha asilimia 75. Kuyapima hakuhitaji dawa. Kata sampuli vipande vyembamba, pima gramu 10, vitandaze kwenye sahani isiyoungua, kisha weka ndani ya oveni ya nyuzijoto 100 hadi 105. Baada ya saa mbili toa, acha ipoe, pima, rudisha. Endelea kupima kila nusu saa hadi vipimo viwili vinavyofuatana vilingane. Kama kiazi cha gramu 10 kimebaki gramu 2.2, maji yalikuwa gramu 7.8, yaani asilimia 78.

Usipandishe joto ili umalize mapema. Ukipita nyuzi 105 kwa mbali, sukari na protini zitaanza kuungua na kutoa gesi, na utahesabu moshi kama maji. Kupima kitu kikiwa bado cha moto nako kunaharibu, kwa sababu hewa inayopanda juu ya sahani huinua mizani na kukupa uzito pungufu.

Mabaki makavu yasitupwe. Yachome kwa moto mkali: weusi unaotokea kwanza ni kaboni, na ukiendelea hadi weusi wote uishe, majivu yanayobaki ni madini.

Wanga kwa iodini

Dawa: yeyusha gramu 2 za iodidi ya potasiamu katika mililita 10 za maji, tia gramu 1 ya iodini, koroga mpaka iyeyuke yote, ndipo uongeze maji yafike mililita 300. Mpangilio huo usiubadilishe. Iodini peke yake karibu haiyeyuki majini. Inahitaji iodidi iliyokolea ili ishikamane nayo. Ukimimina maji yote mwanzoni utakoroga sana na fuwele zitabaki chini. Hifadhi katika chupa ya kahawia yenye kizibo imara.

Weka mililita 1 ya uji ambao haukuchujwa kwenye kigae, tonesha matone mawili ya iodini. Bluu iliyokoza hadi kuwa nyeusi ni wanga. Njano ya kahawia ikibaki ilivyo, hakuna.

Sababu ni umbo. Sehemu ya wanga iitwayo amilosi ni mnyororo mrefu wa glukosi uliojisokota, na katikati ya msokoto huo kuna nafasi inayotosha iodini kujipanga mstari. Iodini iliyopangwa hivyo hufyonza mwanga kwa namna nyingine, nasi tunaona bluu. Sehemu ya pili ya wanga, amilopektini, ina matawi mengi na misokoto mifupi, nayo hutoa zambarau yenye wekundu. Glikojeni, akiba ya sukari iliyomo kwenye ini na misuli, ina matawi mengi zaidi na hutoa kahawia nyekundu. Sampuli ya ini ikigeuka rangi hiyo usiandike kuwa kipimo kimeshindwa.

Kwa kuwa rangi inategemea msokoto, chochote kinachoulegeza kinaifuta. Pasha neli yenye bluu hadi ikaribie kuchemka: bluu itatoweka. Ipoze: itarudi. Usipime wanga uliotoka jikoni sasa hivi. Alikali (kinyume cha asidi) pia huiua rangi kwa kuila iodini yenyewe, na vitamini C hufanya hivyo hivyo. Ukipima tunda lenye vitamini C nyingi, matone ya kwanza ya iodini yatapotea bila rangi yoyote. Ongeza matone mpaka rangi ya iodini ibaki, ndipo usome.

Sukari kwa myeyusho wa Benedict

Kitendanishi hiki kina jina la mwanakemia wa Marekani, Stanley Benedict, na kwa miaka mingi kabla ya vijiti vya kupimia kuenea, hospitalini ndicho kilichotumika kutafuta glukosi kwenye mkojo. Kinauzwa tayari. Ukitaka kutengeneza lita moja: yeyusha gramu 173 za sitreti ya sodiamu na gramu 100 za kaboneti ya sodiamu isiyo na maji ndani ya mililita 800 za maji ya uvuguvugu, chuja ikibidi. Kando yeyusha gramu 17.3 za salfeti ya shaba ya bluu katika mililita 100 za maji. Mimina shaba polepole ndani ya mchanganyiko wa kwanza huku ukikoroga, kisha jaza maji hadi lita moja. Kaboneti inaleta ualikali, na sitreti inaishikilia shaba isigeuke mashapo kabla ya wakati. Ukipunguza sitreti, chupa itajaa tope la bluu siku hiyo hiyo.

Hatua:

1. Chemsha maji ndani ya bika, nusu ujazo.
2. Tia mililita 2 za sampuli iliyochujwa kwenye neli, ongeza mililita 2 za Benedict, tikisa taratibu.
3. Zamisha neli zote tatu kwenye maji yanayochemka kwa wakati mmoja, kwa dakika 5.
4. Toa, ziache zisimame dakika 2, ndipo usome.

Usiishike neli moja kwa moja juu ya moto. Kimiminika chenye mashapo huruka ghafla, na kinachoruka ni alikali ya moto inayoelekea usoni.

Kinachotokea: glukosi, fruktosi, maltosi na laktosi zote zina ncha huru inayoweza kufunguka na kutoa elektroni. Shaba iliyo ndani ya Benedict inazipokea, inabadilika kutoka bluu inayoyeyuka na kuwa oksidi ya shaba nyekundu isiyoyeyuka, ambayo inazama chini. Sukari ikiwa kidogo utaona kijani, ikizidi njano, kisha chungwa, na ikiwa nyingi nyekundu ya tofali. Kwa makadirio, kijani ni nusu asilimia au chini yake, njano inakaribia asilimia 1, na nyekundu ya tofali ni asilimia 2 na kuendelea.

Kijani hicho mara nyingi ni mchanganyiko wa vitu viwili: mashapo machache ya njano yanayoelea ndani ya bluu iliyobaki. Ukiiacha neli isimame utayaona yakitengana, mashapo chini, bluu juu. Kwa hiyo kusoma rangi mara tu neli inapotoka kwenye maji kunakupa jibu moja, na kusoma baada ya robo saa kunakupa lingine. Chagua muda mmoja na uufuate kwa neli zote. Ukitaka ulinganisho wa maana kati ya sampuli mbili, acha mashapo yatulie usiku kucha, kisha linganisha urefu wake chini ya neli.

Vitu vingine vinavyotoa elektroni huingia kwenye hesabu bila kualikwa. Vitamini C ni mmojawapo. Juisi yenye vitamini C nyingi inaweza kuanza kubadilisha Benedict hata kabla joto halijapanda vizuri, na asidi ya yuriki ya kwenye mkojo nayo inaweza kuchangia kidogo.

Sukari ya mezani ni kesi ya peke yake. Sukrosi ni glukosi na fruktosi zilizoungana ncha kwa ncha, kwa hiyo hakuna ncha iliyobaki huru. Itie kwenye Benedict, chemsha utakavyo, bluu inabaki bluu. Ili uikamate, ivunje kwanza:

Kwenye mililita 2 za sampuli ongeza mililita 1 ya asidi ya hidrokloriki iliyopunguzwa makali, zamisha kwenye maji yanayochemka dakika 5. Poza. Ongeza unga wa bikaboneti ya sodiamu, ile ya mapishi, kwa ncha ya kijiko, kidogo kidogo, hadi povu likome. Gusisha kwenye karatasi ya litmasi nyekundu. Ikigeuka bluu uko salama. Sasa tia mililita 2 za Benedict na uendelee kama kawaida.

Povu ndilo linaloharibu kazi za wengi: wakiona limepungua wanadhani limekwisha. Asidi ikibaki, inaua ualikali wa Benedict, na shaba haipokei elektroni ipasavyo kwenye asidi. Matokeo yake ni bluu, na ripoti inayosema hakuna sukari. Kutia unga mwingi kwa mkupuo nako kuna adhabu yake, maana neli itafurika na nusu ya sampuli itaishia mezani.

Kuna mtego mwingine ambao maelezo mengi hayautaji. Asidi ya moto huvunja wanga pia. Kama sampuli yako ina punje za wanga, dakika 5 za kuchemka zinaweza kutoa glukosi ya kutosha kukupa kijani au njano, nawe ukaisingizia sukrosi. Tumia sampuli iliyochujwa, ihakikishe kwa iodini kuwa haina wanga, na daima pima sehemu nyingine bila asidi. Jibu la sukrosi ni tofauti kati ya neli mbili: ile isiyovunjwa na ile iliyovunjwa.

Protini kwa biureti

Biureti ni kipimo cha alikali na shaba. Weka mililita 2 za uji, ongeza mililita 2 za hidroksidi ya sodiamu ya asilimia 10, tikisa. Kisha salfeti ya shaba ya asilimia 1, tone moja moja, ukitikisa kila mara, isizidi matone 5. Zambarau ni protini. Bluu hafifu si kitu.

Hakuna moto hapa. Alikali, shaba na joto kwa pamoja vinafanana mno na kipimo cha sukari, na kama sampuli ina glukosi utapata wekundu usiohusika.

Katika alikali, shaba inashikwa na nitrojeni za bondi za peptidi zilizo jirani, na mshikamano huo ndio wenye zambarau. Asidi amino moja moja hazina bondi hiyo, kwa hiyo protini iliyokwisha kumeng'enywa kabisa haionekani kwa biureti. Chumvi za amonia nazo zinadanganya: amonia hushika shaba na kutoa bluu kali inayoweza kuifunika zambarau.

Kosa la kawaida ni ukarimu wa salfeti ya shaba. Tone la sita na la saba linaongeza bluu tu, na protini ikiwa kidogo zambarau yake inazama humo. Weka karatasi nyeupe nyuma ya neli na ulinganishe na neli ya maji. Ute wa yai kwa neli ya kulinganishia uchanganye na maji mara kumi ya ujazo wake. Ukiutumia mzito utaganda vinyuzi na rangi itakuwa mabaka.

Hidroksidi ya sodiamu ndiyo kostiki ya kutengenezea sabuni. Ikikudondokea mkononi utahisi utelezi: huo ni mwanzo wa mafuta ya ngozi yako kugeuka sabuni, na ngozi yenyewe inafuata. Osha kwa maji mengi yanayotiririka hata kama huumii, kwa sababu maumivu ya alikali huchelewa. Ikiingia jichoni, osha kwa maji angalau dakika 20 na umwone daktari.

Mafuta kwa ethanoli

Zima kila moto ulio karibu. Mvuke wa ethanoli unashika moto hata kwenye joto la kawaida la chumba.

Saga gramu 2 za sampuli kavu, tia kwenye neli kavu na mililita 5 za ethanoli, ziba, tikisa kwa nguvu dakika moja. Acha itulie hadi juu pawe angavu, pasipo chembe. Mimina ethanoli hiyo ya juu peke yake ndani ya neli nyingine yenye mililita 5 za maji. Maji yakigeuka meupe kama maziwa, kuna mafuta: yalikuwa yameyeyuka ndani ya ethanoli, na yalipokutana na maji yalifukuzwa yakawa vitone vidogo sana vinavyotawanya mwanga.

Weupe wa uongo una vyanzo viwili. Ukimimina pamoja na unga uliotulia chini, ukungu utakaouona ni wa chembe za sampuli. Na neli ya kwanza ikiwa na unyevu, mafuta hayatoki yote kwenye sampuli, na mengine yanatengana humo humo kabla ya wakati, kwa hiyo neli ya pili inakuwa hafifu. Ndiyo maana tulitenga kipande kikavu.

Kipimo cha karatasi kinadharauliwa bure. Sugua sampuli kwenye karatasi nyeupe, acha ikauke kabisa, inua kwenye mwanga. Doa la maji hukauka likatoweka. La mafuta hubaki likipitisha mwanga. Hakikupi kiwango, lakini kwa mbegu na karanga kinajibu haraka kuliko ethanoli.

Vitamini C kwa DCPIP

DCPIP ni rangi ya bluu inayopoteza rangi inapopokea elektroni kutoka kwa vitamini C. Weka mililita 1 ya DCPIP ya asilimia 0.1 kwenye neli, kisha tonesha juisi tone moja moja ukihesabu, hadi bluu iishe. Juisi yenye asidi itaigeuza waridi kwanza. Hesabu mpaka waridi nalo liondoke. Zungusha neli polepole, usitikise kwa nguvu, kwani hewa inarudisha oksijeni na kukuongezea matone yasiyo ya haki.

Rudia kwa myeyusho unaoujua, wa miligramu 1 ya vitamini C kwa kila mililita. Kama huo ulihitaji matone 10 na juisi yako matone 20, juisi ina nusu miligramu kwa mililita. Pipeti iwe ile ile kwa vyote viwili, maana ukubwa wa tone unafuata ukubwa wa ncha. Juisi iliyokaa wazi tangu asubuhi itahitaji matone mengi kuliko iliyokamuliwa sasa, kwa kuwa oksijeni imekwisha kula sehemu ya vitamini.

Vimeng'enya: ini, kisha mate

Hadi hapa ulikuwa unapima vitu vilivyotulia. Kimeng'enya, protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia, hupimwa kwa kazi yake.

Cha haraka kabisa ni katalesi. Weka kipande cha ini kibichi cha sentimita 1 kila upande ndani ya neli kubwa, mimina mililita 5 za peroksidi ya haidrojeni ya asilimia 3. Povu litapanda papo hapo: peroksidi inavunjwa kuwa maji na oksijeni. Ingiza kijiti kilichozimwa mwali lakini bado kina kaa jekundu, juu ya povu bila kuligusa, nacho kitawaka tena. Ini lililochemshwa dakika 5 na kupozwa halitoi kitu cha maana. Ini lililosagwa linatoa povu kwa kasi zaidi kuliko kipande kizima, kwa hiyo ukilinganisha ini na kiazi, vikate kwa ukubwa mmoja.

Mate yanahitaji subira. Tengeneza wanga wa asilimia 1: koroga gramu 1 ya unga wa wanga na maji baridi kidogo uwe laini, mimina ndani ya mililita 100 za maji yanayochemka, koroga dakika moja, poza. Utumie siku hiyo hiyo. Kesho bakteria watakuwa wameanza kazi unayotaka kuyaachia mate. Sukutua mdomo, kisha shikilia mililita 10 za maji ya uvuguvugu mdomoni kwa dakika moja na utemee kwenye bika. Kila mtu atumie mate yake mwenyewe na aoshe vyombo vyake.

Andaa neli nne, kila moja na mililita 5 za wanga. Ya kwanza, ya pili na ya tatu zikae kwenye maji ya nyuzijoto 37, ya nne kwenye barafu. Mate nayo yagawe ukayatangulize kwenye joto hilo hilo kwa dakika 5, kabla hayajakutana na wanga. Hatua hiyo ikirukwa, dakika za mwanzo zitapotea kwenye kupasha moto na hesabu yako ya kasi haitakuwa na maana. Sasa ongeza mililita 1: mate kwenye ya kwanza, mate yaliyochemshwa dakika 5 na kupozwa kwenye ya pili, maji matupu kwenye ya tatu, mate baridi kwenye ya nne.

Panga matone ya iodini kwenye kigae. Kila dakika chukua tone kutoka kila neli, likutane na iodini, andika rangi. Suuza pipeti kila mara, au tumia yake kwa kila neli, la sivyo utahamisha kimeng'enya kutoka ya kwanza hadi ya pili na ulinganisho wote umekwisha.

Neli ya kwanza itatembea kutoka bluu nyeusi kwenda zambarau, kahawia nyekundu, hadi njano ya iodini tupu. Amilesi, kimeng'enya cha mate, inakata mnyororo. Kadiri vipande vinavyofupika ndivyo msokoto unavyokosa nafasi ya kuipanga iodini. Andika dakika ambayo bluu ilikoma. Kama ilikoma kabla ya tone la pili, punguza mate kwa maji mara tano na urudie. Kama dakika 15 zimepita bila badiliko, ongeza mate au angalia kipimajoto. Watu hutofautiana sana kwa wingi wa amilesi, kiasi kwamba wawili waliokaa meza moja wanaweza kupata majibu ya mbali bila yeyote kukosea.

Bluu ikiisha, chukua mililita 2 kutoka neli ya kwanza na ya tatu, uzipime kwa Benedict. Ya kwanza itatoa maltosi. Ya tatu inapaswa kubaki bluu; isipobaki, unga wako wa wanga ulikuwa na sukari tangu dukani na itabidi uanze upya na unga mwingine.

Neli ya pili na ya nne zote bado ni nyeusi kwenye iodini: ya nne ihamishie kwenye maji ya nyuzi 37, ya pili iache humo humo, na uendelee kutonesha. Ya nne itaanza kazi, maana baridi ilikuwa imekipunguza kasi kimeng'enya tu. Ya pili itabaki nyeusi hata ukingoja saa nzima: joto lilikunjua protini ya amilesi, na umbo lililokuwa linashika wanga halirudi. Ukitaka kuona tumboni kunakuwaje, ongeza kwenye neli mpya yenye mate matone 5 ya asidi ya hidrokloriki iliyopunguzwa. Kazi itasimama, kwa sababu amilesi ya mate inapenda pH ya karibu 7, yaani pasipo asidi wala alikali. Neli hiyo ikiendelea hadi Benedict, ipunguze asidi kwa bikaboneti kwanza, kwa sababu ile ile ya sukrosi.

Usafi wa mwisho

Mimina mabaki yote yenye shaba, ya Benedict na ya biureti, kwenye chombo kimoja chenye lebo; shaba ni sumu kwa samaki na viumbe vingine vya majini, kwa hiyo isiingie mtaroni. Ethanoli nayo ikae peke yake, mbali na moto. Utando mwekundu uliong'ang'ania ndani ya neli hautoki kwa sabuni. Tia asidi ya hidrokloriki iliyopunguzwa, acha dakika chache, suuza mara tatu, na mara ya mwisho tumia maji yaliyokenekwa. Madoa ya iodini kwenye kigae yanaondoka kwa tone la myeyusho wa vitamini C.

Osha kabla mashapo hayajakaukia, hasa neli za Benedict. Utando ukibaki, kipimo kijacho kitaanza na wekundu usio wake.